Kumwachia Firzan: Nafuu ya Kete katika Sataranji, kutoka Baghdad hadi London

Mwaka 304 Hijria, yaani 916–917 Miladia, msafiri na mwanahistoria Abu al-Hasan Ali al-Mas'udi alipanda chombo kisiwani Qanbalu, katika bahari ya Zinji, akarejea Oman. Wataalamu wengi wanaamini kwamba kisiwa hicho ni Pemba. Katika kitabu chake, Muruj al-Dhahab, ameandika habari za biashara ya pembe za ndovu: kwamba pembe za nchi ya Zinji hupelekwa kwanza Oman, na kutoka Oman husafirishwa hadi Uchina na Uhindi. Wahindi, anatueleza, huzifanyia mipini ya majambia na ya panga, lakini matumizi yake makubwa ni kuchonga kete za sataranji na za nardi.

Habari hii inatuhusu. Njia ile ya pwani na Oman, ambayo nasaba nyingi za wasomaji wa jarida hili zimeipita kwenda na kurudi, ndiyo iliyopitisha mali ghafi ya mchezo uliopendwa kuliko yote katika mabaraza ya makhalifa. Kitabu hichohicho kinatuhadithia pia juu ya mchezaji mkubwa wa zama zile, Abu Bakr as-Suli, ambaye aliishi wakati mmoja na al-Mas'udi. Makala hii inafuata jambo moja tu katika historia hiyo, dogo kwa sura lakini zito kwa maana: watu wawili wasiolingana wanapoketi kwenye ubao mmoja, wafanye nini ili mchezo uwe mchezo?

Jawabu linajulikana katika nyumba nyingi. Babu akimchezesha mjukuu huondoa kete yake moja kabla ya kuanza, akaiweka pembeni mwa ubao. Wachache wanajua kwamba kitendo hicho kina historia ya zaidi ya miaka elfu moja, na kwamba wakati mmoja kilikuwa na kanuni, vipimo na madaraja yake.

Kete na thamani zake

Neno letu sataranji limetokana na shatranj ya Kiarabu, nayo imetokana na chatrang ya Kiajemi, na asili ya yote ni chaturanga ya Kisanskriti, maana yake jeshi la vikosi vinne. Mchezo waliocheza watu wa Baghdad ulikuwa na ubao wa nyumba 64 kama wetu, na kete 16 kwa kila upande. Shah, faras na rukh zilikwenda kama mfalme, farasi na ngome za leo. Tofauti ilikuwa katika kete mbili. Firzan, yaani waziri, aliyekaa pahali pa malkia wa leo, alikwenda nyumba moja tu kwa pembeni, kwa hiyo hakuweza kufika zaidi ya nusu ya ubao. Fil, yaani ndovu, aliruka hadi nyumba ya pili kwa pembeni, na katika maisha yake yote aliweza kukanyaga nyumba nane tu. Baidaq, askari wa mbele, alikwenda hatua moja moja, na akifika mwisho aligeuka firzan.

Mabingwa wa karne ya 3 na ya 4 Hijria walizipa kete hizi bei. Rukh ilihesabiwa kuwa dirham nzima. Faras ilikuwa theluthi mbili za dirham, firzan theluthi moja au zaidi kidogo, na fil robo. Baidaq ilianzia thumni kwa wale wa ukingoni hadi robo kwa wale wa katikati ya ubao. Hesabu hiyo ilikuwa nyepesi kwa watu wa sokoni, kwani dirham moja ina daniq sita: rukh daniq sita, faras nne, firzan mbili. Dirham hapa ni mizani na si dau. Wako waliocheza kwa dau, na hilo mafakihi walilikataa kwa kuwa ni kamari. Imam ash-Shafi'i, ambaye watu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu yake, aliuona mchezo huu kuwa makruhu, si haramu, ikiwa hauna dau wala haumsahaulishi mtu Swala yake. Lakini bei ya kete ilikuwa na kazi nyingine: ilimwezesha mtu kujua anatoa nini anapomwachia mwenzake kete, na kama alichopewa kinalingana na udhaifu wake.

Tabaka tano

Elimu hii haikubaki midomoni. Ibn an-Nadim, alipotunga Fihrist yake katika karne ya 4 Hijria, aliorodhesha vitabu vya sataranji vya al-Adli, ar-Razi, as-Suli na al-Lajlaj, mwanafunzi wa as-Suli. Kutokana na maandishi ya watu hawa, na nakala za baadaye zilizohifadhi maneno yao, tunapata habari za tabaka tano za wachezaji.

Tabaka la kwanza ni aliyat, watukufu. Inasemwa kuwa katika zama moja hawakuzidi watatu, na wakati mwingine alibaki mmoja peke yake. Al-Adli alikuwa hivyo mpaka ar-Razi alipomshinda mbele ya Khalifa al-Mutawakkil, aliyetawala baina ya 847 na 861. Tabaka la pili ni mutaqaribat, waliokaribia. Hao ni wale ambao wakicheza na mtukufu michezo kumi, watashinda miwili hadi minne. Kuanzia hapo kipimo kinabadilika, kinakuwa kete. Mchezaji wa tabaka la tatu ni yule ambaye mtukufu humwachia firzan. Wa tabaka la nne huachiwa faras. Wa tabaka la tano huachiwa rukh.

Ukizirudia bei za hapo juu, utaona ngazi ilivyopangwa. Firzan ni theluthi ya dirham, faras theluthi mbili, rukh dirham kamili. Kila anayeshuka tabaka moja anaongezewa theluthi. Na aliyetaka kujua daraja lake alicheza na mtu ambaye daraja lake linajulikana: akimshinda michezo saba au zaidi katika kumi, basi yeye ni wa tabaka la juu zaidi.

Mtu wa leo anaweza kuipima kanuni hiyo kwa hesabu za kisasa. Kwa mizani ya Arpad Elo, ambayo shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, liliichukua mwaka 1970, ushindi wa saba katika kumi ni sawa na tofauti ya pointi kama 150. Mwenye kushinda minne katika kumi yuko nyuma kwa pointi kama 70, na mwenye kushinda miwili yuko nyuma kwa kama 240. Kwa hiyo watu wa Baghdad walikuwa na upimaji uliokaribia wetu, bila ya mashine na bila ya karatasi za mashindano. Walitumia michezo kumi na macho ya mashahidi.

Ni lazima pia tukumbuke kwamba kete moja katika mchezo wao ilikuwa na uzito wa namna yake. Katika shatranj, aliyempokonya mwenzake kete zote akamwacha na shah mtupu alihesabiwa kuwa mshindi, isipokuwa kama aliyevuliwa aliweza naye kumvua mwenzake kwa hatua inayofuata. Aliyeachiwa firzan hakuhitaji hila kubwa. Angeweza kubadilishana kete moja kwa moja, kwa subira, hadi ile ziada yake ibaki peke yake ubaoni. Bingwa alilijua hilo tangu mwanzo, na ilimpasa atengeneze vurugu mapema, kabla mnyonge hajafika kwenye hesabu nyepesi. Kwa hiyo nafuu haikuwa sadaka kwa mdogo tu. Ilimlazimisha mkubwa acheze vizuri kuliko kawaida yake.

Nafuu ya wazi na nafuu ya siri

Ipo njia nyingine ya kusawazisha, nayo ni kongwe kuliko zote: mkubwa kujifanya hajui. Hii ndiyo njia ya watu wa barazani mbele ya wafalme, na ndiyo iliyochukiwa zaidi.

Husimuliwa juu ya Khalifa al-Ma'mun, aliyeupenda mchezo huu na kukiri mwenyewe kwamba hakuumudu, kuwa siku moja alimgundua mtu anayecheza naye akizembea kwa makusudi. Alighadhibika, akaupindua ubao, na akaapa kutocheza naye tena, kwa kuwa mtu yule alimfanya kama mtoto. Katika kisa kingine wachezaji waliitwa mbele yake wakawa wanacheza kwa woga na adabu nyingi. Akawaambia kwamba sataranji na haya havikai pamoja, wazungumze kama wanavyozungumza wakiwa peke yao.

Visa vya aina hii huenda vilipambwa na wasimulizi, lakini maana yake ni wazi. Kumwachia mtu firzan mbele ya watu ni kumwambia: daraja lako ni hili, na kuanzia hapa tutapigana kweli. Kumwachia ushindi kwa siri ni kumwambia kwamba hafai kupiganwa naye. La kwanza linauma kidogo mwanzoni. La pili linauma sana pindi linapojulikana.

Na ziko nafuu zisizoandikwa popote. Al-Mas'udi anatuhadithia kwamba Khalifa al-Muktafi, aliyetawala baina ya 902 na 908, alikuwa na mchezaji kipenzi akiitwa al-Mawardi. As-Suli alipoletwa kucheza naye, khalifa alimshangilia kipenzi chake waziwazi, hata as-Suli akababaika mwanzoni. Kete zilikuwa sawa ubaoni, lakini upande mmoja ulikuwa na kete ya ziada isiyoonekana, nayo ni upendeleo wa mwenye nyumba. As-Suli akatulia, akamshinda mpinzani wake ushindi usio na ubishi. Hapo khalifa naye akageuka, akamfanyia tashtiti al-Mawardi kwa jina lake, linalotokana na maji ya waridi, kwamba harufu yake imebadilika.

As-Suli aliishi kuwa nadimu wa makhalifa kadhaa, na jina lake likawa methali ya ustadi. Lakini alipofariki mjini Basra, kiasi cha mwaka 335 au 336 Hijria, alikuwa amejificha, amekimbia Baghdad kwa sababu ya riwaya aliyoisimulia juu ya Sayyidna Ali iliyowakasirisha watu. Bingwa aliyekuwa akiwaachia watu kete hakuachiwa nafuu na mji wake.

Firzan alipogeuka malkia

Mchezo ulivuka kwenda Andalus, Sicily na Ulaya yote, pamoja na desturi ya kuachiana kete. Kisha mwishoni mwa karne ya 15, huko Spain na Italia, kanuni zilibadilishwa. Waziri mnyonge wa pembeni akawa malkia anayekwenda kila upande mpaka mwisho wa ubao, na fil akawa askofu anayekata ubao mzima.

Ngazi ya Baghdad ikavunjika hapo. Kete iliyokuwa nafuu ndogo kuliko zote za tabaka za chini ikawa kubwa kuliko zote. Kumwachia mtu malkia ni jambo ambalo bingwa wa Ulaya alimfanyia mwanafunzi wa siku ya kwanza tu. Ngazi mpya ikatengenezwa polepole, na kufikia karne ya 19 ilikuwa imetulia hivi: ya kwanza ni askari mmoja na hatua ya kuanza, ya pili ni askari mmoja na hatua mbili, ya tatu ni farasi, ya nne ni ngome, ya mwisho ni malkia. Askari aliyeondolewa alikuwa ni yule wa f7, aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme, kwa sababu nyumba ile mwanzoni hulindwa na mfalme peke yake. Kuiacha wazi ni kufungua mlango wa nyumba yako mwenyewe. Paul Morphy wa New Orleans, aliporejea kutoka Ulaya mwaka 1859, alitangaza kwamba hatacheza na mtu ila kwa kumpa askari na hatua.

Mtu wa Halab mjini London

Miaka mia moja kabla ya Morphy, mambo haya yalimkuta mtu wa Mashariki, na kisa chake kinastahili kukumbukwa na kila familia iliyohamia ugenini.

Philip Stamma alizaliwa Halab, nchi ya Sham. Alikwenda Ulaya, na mwaka 1737 alichapisha mjini Paris kitabu chenye mafumbo 100 ya sataranji, yaliyofuata utamaduni wa mansubat uliolelewa na kina al-Adli na as-Suli. Mwaka 1739 alipata kazi London, mkalimani wa lugha za Mashariki katika baraza la mfalme wa Uingereza. Mwaka 1745 kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza. Katika mikahawa ya London alijulikana kuwa ni miongoni mwa wachezaji wa mbele kabisa.

Mwaka 1747 akafika kijana Mfaransa wa miaka ishirini hivi, François-André Danican Philidor, mwanamuziki wa ukoo wa wanamuziki. Walikutana kwenye mkahawa wa Slaughter's, St Martin's Lane, kwa michezo kumi. Philidor alitoa nafuu tatu kwa pamoja. Kwanza, Stamma aanze katika michezo yote. Pili, kila sare ihesabiwe ushindi wa Stamma. Tatu, katika dau, yeye Philidor aliweka tano dhidi ya nne za mwenzake. Hakuondoa kete hata moja ubaoni, na bado mizani yote aliiinamisha upande wa pili. Matokeo: Philidor alishinda minane, akafungwa mmoja, na mmoja ulikuwa sare, uliohesabiwa wa Stamma kwa mujibu wa sharti.

Tuitazame nafuu hii kwa macho ya Baghdad. Kule, nafuu ilitolewa na mkubwa anayejulikana kwa mdogo anayejulikana, ili mdogo apate mchezo. Hapa, kijana asiye na jina katika mji ule alimpa nafuu mzee mwenye kitabu, mbele ya watu wenye fedha mikononi. Kama Stamma angezikataa zile nafuu, pengine angeonekana anaogopa dau. Alipozikubali, kila mchezo aliofungwa ulimshusha mara mbili. Mwaka 1749 Philidor akachapisha kitabu chake maarufu hapohapo London, na jina la mtu wa Halab likafifia.

Lakini historia ilikuwa na hesabu nyingine. Katika vitabu vyake, Stamma aliandika nyumba za ubao kwa herufi na namba: safu za wima kwa herufi a hadi h, na za mlalo kwa namba 1 hadi 8. Waingereza na Wafaransa waliendelea na njia ndefu ya maneno, wakati Wajerumani waliichukua njia yake na kuikamilisha. Mwaka 1981 FIDE ikaifanya hiyo kuwa ndiyo njia pekee rasmi. Leo mtoto anayecheza kwenye simu yake Maskati, Nairobi au Chicago akiandika e4, anaandika kwa njia iliyoasisiwa na mhamiaji wa Halab aliyefungwa minane kwa mmoja. Hata hapo juu, nilipomtaja askari wa f7, nimetumia kalamu yake.

Nafuu iliyopotea

Baada ya mashindano makubwa ya London ya 1851, mchezo ulielekea kwenye usawa wa kete. Mashindano yalitaka wote waanze sawa. Mwaka 1883, pia mjini London, ilianza kutumika saa ya mashindano yenye nyuso mbili, na kwa saa ikaja nafuu mpya: mkubwa akae na dakika chache, mdogo na nyingi. Kisha zikaja namba za Elo, na mtu akaweza kutafutiwa mpinzani wa kiwango chake bila ya kuhitaji kuachiwa chochote.

Nafuu ya kete imebaki pahali pawili. Pa kwanza ni baina ya binadamu na mashine. Januari 2016 programu iitwayo Komodo ilimpa Hikaru Nakamura, mmoja wa wachezaji bora duniani, nafuu za namna mbalimbali katika michezo minne. Alipata sare tatu na akafungwa mmoja. Tabaka la aliyat sasa ni la mashine, na mabingwa wetu wote ni wa kuachiwa.

Pa pili ni nyumbani. Katika familia zetu za ughaibuni mtoto wa miaka kumi hukutana kila siku na wapinzani wa kiwango chake kutoka dunia nzima, lakini akiketi na babu yake hawalingani tena, na mara nyingi safari hii mwenye nguvu ni mtoto. Wazee wengi huacha kucheza hapo, au mtoto huanza kufungwa kwa makusudi kwa kumwonea haya babu. Al-Ma'mun alikwisha kutueleza thamani ya haya ya namna hiyo.

Basi mtoto na aondoe farasi wake, auweke pembeni mwa ubao mbele ya wote, na babu akubali. Wazee wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Naye anayekubali kuachiwa kete bado yumo mchezoni. Wakicheza michezo kumi na babu akashinda saba, farasi arudi ubaoni, iondoke kete ndogo zaidi. Kwa kanuni za Baghdad, babu atakuwa amepanda tabaka.